Mnyoosho na Mama Yake wa Ghorofa ya Nne

Watu wengi pale mjini hawalijui jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mnyoosho, naye huitika bila kugeuka, macho yakiwa kwenye pasi. Ni dobi. Aliianza kazi hiyo akiwa kijana aliyeacha shule kabla hajaimaliza, kwa beseni moja na pasi ya mkaa ya kuazima, na hadi leo, mvi zikiwa zimemwota juu ya masikio na mashine za kufulia zikinguruma nyuma yake, hajawahi kutamani kazi nyingine. Husema kwamba shati jeupe lililopigwa pasi vizuri humfanya hata mtu mwenye matatizo yake aonekane kama ameyamaliza.

Kwa miaka mingi aliifanyia kazi hiyo nyumbani, katika nyumba ya bati nyuma ya stendi ya zamani ya mabasi. Kamba za kuanikia zilivuka uani kutoka ukuta hadi ukuta, na mgeni aliyetaka kuufikia mlango ilimbidi ainame chini ya mashuka ya watu. Mkewe alikaa barazani na cherehani yake, akirudisha vifungo na kubadilisha zipu. Mama yake, ambaye alikuwa mjane na aliishi nao, alikaa kwenye kiti chake karibu na bomba, akilinda nguo dhidi ya ndege na dhidi ya watoto wa jirani. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila kila neno lilikuwa limenolewa.

Mji nao ulikuwa umekua, ukawa kama mtoto ambaye kila nguo anayovaa inambana. Watu walijenga ng'ambo ya bonde, ambako viwanja vilikuwa bado vipo, lakini kazi zao zilibaki upande huu. Kila asubuhi magari yalijipanga kwenye barabara ile moja ya bondeni, mtu akazima injini, akanyoa ndevu, akamaliza gazeti, na bado hajafika darajani. Walioishi ng'ambo walikuja kuhesabiwa kama walioishi nchi nyingine. Ukimwalika mtu wa kule nyumbani kwako, alikushukuru kwanza, halafu akatafuta udhuru.

Ndipo halmashauri ikaitisha mkutano katika ukumbi wa shule. Mpangaji wa mji, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliweka mezani mfano wa mji mpya uliotengenezwa kwa karatasi ngumu, akaeleza kwa kidole. Stendi ingeondoka. Mahali pake pangekuwa na uwanja wa watu kutembea kwa miguu, umezungukwa na majengo ambayo chini yana maduka na karakana, katikati ofisi, na juu nyumba za kuishi. Mbele ya uwanja ingepita treni ya umeme, ile wanayoiita reli nyepesi, ikivuka bonde kwa daraja lake yenyewe, bila kungoja foleni ya mtu yeyote. Kila aliyekuwa na nyumba na kazi yake hapo angepewa duka chini na makazi juu ya duka lake.

Watu walinong'ona. Mwuza vitabu alitaka kujua kuhusu mvua, fundi baiskeli akauliza kuhusu kelele. Mnyoosho hakujua aanzie wapi. Mama yake ndiye aliyenyanyua mkono.

"Na nguo zitaanikwa wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mpangaji hakucheka. Aliutazama mji wake wa karatasi kwa muda, akasema kweli hilo hakuwa amelifikiria, na akamwomba mama ampe nafasi alifikirie. Mama akakaa. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mkwewe kwamba yule binti angalau hakuwadanganya, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ujenzi ulikuwa na taabu zake, na hakuna haja ya kuzipamba. Mnyoosho na wenzake walihamishiwa kwenye makontena pembeni mwa barabara, na vumbi likawa ndilo bosi wao. Alifua shati, akalianika, na kabla halijakauka lilikuwa limeota rangi ya chai. Akajifunza kuanika ndani, akajifunza kufunga mlango kila lori la mchanga lilipopita, akajifunza kuwaomba radhi wateja kabla hawajakasirika. Jioni mama yake alimpokea na swali lilelile, kama ule mji wa karatasi ulikuwa bado haujakwisha. Mkewe ndiye aliyewashikilia wote wawili. Yeye alikwisha kuuona ule mchoro wa nyumba yao, akaona jiko lenye dirisha, na tangu siku hiyo hakuna vumbi lililomnyima usingizi.

Hatimaye jengo likasimama, na wakahamia. Duka lilikuwa na vioo mbele na mlango wa nyuma uliokwenda moja kwa moja kwenye ngazi na lifti. Siku ile ya kwanza mpangaji wa mji alikuja mwenyewe, akampandisha Mnyoosho mpaka juu kabisa ya paa. Huko kulikuwa na nguzo za chuma, kamba zilizokazwa barabara, na ukuta wenye matundu wa kupunguza nguvu ya upepo. Alimwambia kwamba mahandaki na mabomba yalimchukua muda mfupi kuliko hizo kamba, kwa sababu kila aliyemwonyesha alidhani anatania. Mnyoosho aliishika kamba moja, akaivuta, ikamrudishia mkono kama gita. Alimwambia tu alete makoti yake, yote, wakati wowote.

Mama yake hakuliona hilo paa. Lifti aliikataa kata kata. Alisema chumba kisicho na dirisha, kinachojifunga chenyewe na kuondoka na watu, yeye hakiingii akiwa na fahamu zake. Kwa hiyo siku ya kuhamia walimpandisha kwa ngazi hadi ghorofa ya nne, akipumzika kwenye kila kona, na alipofika juu akatangaza kwamba hashuki tena mpaka atakapobebwa. Mkwewe alimwekea kiti dirishani. Hapo ndipo akajenga makao.

Na kwa kweli hapo dirishani hakukosa la kutazama. Chini yake uwanja ulianza kujaa: wanafunzi, wenye ofisi, akina mama na vigari vya watoto, wazee wenzake waliokaa kwenye mabenchi na kubishana. Halafu zikaanza treni. Mwanzo zilipita tupu, kwa majaribio, nyeupe na ndefu, zikigonga kengele kila zilipokaribia kivuko. Mama aliziinulia mkono. Mmoja wa madereva alimwona, akawa kila akipita anamgongea kengele mara moja ya ziada.

Mnyoosho aliligundua hilo dukani. Dereva huyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito na kicheko cha tumboni, na alileta sare zake kwa dobi huyo huyo. Siku moja aliweka mfuko juu ya meza, akauliza:

"Yule bibi wa dirisha la nne ni nani wenu?"

"Mama yangu mzazi. Amekukosea?"

"Hata kidogo. Ila huwa ananipungia nikiwa nakwenda ng'ambo. Nikiwa narudi ananipa kisogo. Nimejiuliza nimemfanyia nini."

Mnyoosho alicheka, akasema labda jua linamchoma machoni. Lakini neno lile lilimkaa. Alipopanda kula mchana, alimtazama mama yake vizuri, akaona kwamba dereva hakukosea. Treni ya kwenda ilikuwa na jina la kituo cha mwisho, limeandikwa kwa taa usoni mwake. Mama alijua kusoma, tena bila miwani. Kila treni hiyo ilipokuja, alinyamaza hata kama alikuwa katikati ya sentensi, akaifuata kwa macho mpaka ilipopinda kuelekea daraja la bondeni. Kisha akamalizia sentensi yake.

Jina lile lilikuwa la mtaa alikokuwa anaishi mdogo wake wa pekee, wa tumbo moja.

Mnyoosho alimkumbuka mama mdogo huyo vizuri. Utotoni alilala mapajani mwake, alibebwa mgongoni mwake, alifundishwa naye kupiga mluzi jambo ambalo mama yake hakulipenda. Halafu mwaka mmoja kutembeleana kukakatika kama uzi. Alipouliza, aliambiwa ni mambo ya watu wazima. Akakua, akaoa, akapata watoto, watoto wakakua wakaenda kujitegemea, na kila alipouliza jibu lilikuwa bado ni lile lile, kama yeye mwenyewe hajafikia umri. Mwisho akaacha kuuliza. Kulikuwa na bonde na ile barabara yake mbaya, na ubaya wa barabara uliwapa wote kisingizio kizuri.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Alasiri ya siku hiyo kwaya ya mji ilikuwa iimbe uwanjani, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameacha shati lake la kuongozea kwa Mnyoosho. Lilikuwa shati la kutoa kijasho: jeupe, kola ngumu, na mikunjo midogo midogo iliyopangwa kifuani, kila mmoja ukitaka kupigwa pasi peke yake na ncha ya chuma. Mnyoosho alilimaliza jioni iliyotangulia. Lilimpendeza mpaka akalipandisha nyumbani, likiwa limelazwa juu ya ubao na kufunikwa karatasi, ili lisiguswe na moshi wala mikono ya dukani.

Asubuhi alifungua duka, akasahau kulishusha. Alipolikumbuka, alimwomba mkewe aliyekuwa akishuka amletee. Mkewe akarudi juu, akashuka mikono mitupu, akasema mezani hapakuwa na kitu, na mama amelala, mlango wa chumba chake umefungwa. Mnyoosho alidhani labda alilishusha mwenyewe. Wakaanza kutafuta: kwenye rafu, nyuma ya mashine, ndani ya mifuko ya watu wengine. Mkewe aliuliza kama ameangalia kwenye makoti, akajibiwa kwamba ameshaangalia mara nyingi, akauliza tena. Saa za asubuhi zikaisha hivyo. Mnyoosho, mtu ambaye hajawahi kupoteza hata soksi ya mteja, alihisi maji yamemfika shingoni.

Alipanda juu kutafuta mwenyewe. Akabisha mlango wa mama, kimya. Akaufungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na mama hayupo.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Alitazama jikoni, msalani, akapanda mpaka paani ambako mashuka ya hoteli yalikuwa yakipepea bila wasiwasi wowote. Akashuka kwa ngazi akikimbia, akichungulia kila kona, roho ikiwa juu juu. Mkewe alipomwona tu mlangoni, akaacha cherehani. Akaambiwa tu kwamba mama hayupo juu. Alimwambia akaulize kituoni, yeye angeuzunguka uwanja.

Kituo kilikuwa ng'ambo ya mabenchi, hatua chache tu kutoka dukani. Mhudumu alimkumbuka bibi huyo mara moja. Alikuwa amevaa sweta la kijani na viatu vya kutokea, alisema, na alipumzika sana kabla ya kuingia, kama mtu aliyeshuka ngazi nyingi. Mikononi alikuwa amebeba kitu bapa kilichofunikwa karatasi. Mhudumu alitaka kumsaidia kukibeba, bibi akamkatalia, akasema hicho hakishikwi na mtu yeyote.

Hapo Mnyoosho akajua vyote viwili vilipo, mama na shati. Asichojua ni kwa nini.

Alipanda treni iliyofuata. Ni aibu kidogo kusema, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza. Tangu izinduliwe alikuwa akiiona kupitia kioo cha duka tu, akiwa na pasi mkononi. Alisimama karibu na mlango, amefumbata nguzo, na kwa vituo vya mwanzo hakuona kitu zaidi ya sura ya mama yake ameanguka mahali. Halafu treni ikatoka kati ya majengo, ikaingia darajani, na bonde lote likafunguka chini yake. Aliiona ile barabara ya zamani, nyembamba, na magari machache yakienda bila haraka. Aliona mashamba ya mboga yaliyopangwa kama vitambaa. Upande wa pili aliona mabati mapya, shule mpya, jengo la zahanati lililokuwa bado na ngazi za mafundi. Kabla hajachoka kushangaa, treni ilikuwa imeanza kupunguza mwendo. Yaani ilikuwa karibu namna hiyo, na miaka yote ile walikuwa wameifanya iwe mbali.

Kituo cha mwisho alimkuta yule dereva wa sauti nzito akiwa kwenye mapumziko, ameshika kikombe cha chai. Alimwona Mnyoosho anavyohema, akamwambia atulie. Bibi alikaa kiti cha nyuma yake njia nzima, alisema, wima kabisa, na kile kitu chake mapajani. Alipofika alishushwa kwa mkono, na mfagiaji wa kituo, aliyemjua mdogo wake, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Na safari hii hajanipa kisogo," dereva aliongeza, akaonyesha njia.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa palepale alipoiacha utotoni, ila mlango ulikuwa umepakwa rangi nyingine. Ulikuwa wazi. Ndani, wanawake wawili wazee walikuwa wamekaa mezani wakitazamana, chai ikiwa imeshamiminwa na haijanywewa. Katikati yao, juu ya karatasi yake, lilikuwa limelala shati la mwalimu wa kwaya.

Mnyoosho aliamkia. Mama mdogo hakuitikia upesi. Alikuwa amenyauka, mgongo umeinama, lakini macho ni yale yale. Alimwita kwa kidole mpaka karibu na meza.

"Hii mikunjo ya kifuani, unaipangaje isilale?"

Mnyoosho alimweleza. Kwamba unaanza na wa katikati, kwamba wanga usiwe mzito, kwamba kila mkunjo unaungoja upoe kabla hujaushika wa pili. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha ncha ya kidole juu ya kola bila kuigusa hasa.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Kisha yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akamwambia kile ambacho hakuwahi kuambiwa. Mwaka ule Mnyoosho alipoacha shule akashika beseni, familia ilikuwa imekusanyika nyumbani hapo hapo. Mama mdogo alikuwa amejaa matumaini juu ya kijana huyo. Alitaka awe karani, awe mwalimu, awe mtu. Alipozisikia habari zake, alisema mbele ya watu wote kwamba dada yake amezaa mtoto akamfanya mtumishi wa uchafu wa wengine. Dada hakumjibu. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakurudi tena.

"Nilikuwa nangoja urudi unitukane," mama mdogo alimwambia dada yake. "Ungenitukana tungeyamaliza."

"Sikuwa na la kukutukana. Nilikuwa sina la kukuonyesha pia. Shati lake la kwanza aliliunguza."

Mnyoosho alilikumbuka shati hilo. Alikuwa amelia juu yake, na mama yake alimwambia tu aazime lingine ajifunze.

"Sikuja kuombwa radhi," mama aliendelea. "Treni inapita na jina lako dirishani kwangu, kutwa nzima, kama mtu anayenigongea mlango. Jana nikaliona hili shati. Nikasema, basi, hili ndilo la kwenda nalo. Nimekuja ulione."

"Nimeliona, dada."

"Basi."

Mama alinyanyua kikombe, akaonja, akakirudisha mezani.

"Chai yako bado ni sukari tupu."

Mdogo wake alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, na mama akausogeza mkono wake juu ya meza, akiuzungusha mbali na shati, mpaka ukafika. Mnyoosho alitoka nje. Alisimama kwenye kibaraza, akatazama paa la jirani kwa bidii sana, kama fundi aliyeitwa kulikagua.

Kilichomrudisha ndani ni kwaya. Alieleza, kwa upole kadiri alivyoweza, kwamba shati hilo lina mwenyewe, na mwenyewe anatakiwa kulivaa alasiri hiyo hiyo. Mama alishangaa kidogo. Alidhani ni la duka, la kuonyeshea wateja. Mama mdogo hakushangaa, alikwenda moja kwa moja kutafuta viatu vyake. Alisema shati lililotumika kumwaibisha, yeye hataliacha liende peke yake.

Wakapanda wote watatu. Mnyoosho alilitundika shati kwenye upau wa juu wa kushikilia, maana kulilaza tena kungeongeza mikunjo isiyotakiwa, na dada hao wawili wakakaa chini yake, mmoja huku na mmoja huku, kama walinzi wa benki. Kila abiria aliyeingia alitazamwa mpaka akasogea. Kijana mmoja mwenye begi kubwa aliamua kusimama behewa lingine.

Darajani Mnyoosho aliinama karibu na mama yake, akamwuliza kwa nini hakumwambia, miaka yote ile. Mama aliendelea kutazama bondeni.

"Ningekwambia, ungekuwa unanyoosha nguo za watu huku moyo wako umekunjamana. Kazi yako ilikuwa inakupendeza. Nikaona nikuache nayo."

Mnyoosho aliushika mkono wa mama yake mpaka wakavuka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa akivushwa barabara.

Dukani walimkuta mwalimu wa kwaya amekaa kwenye kiti cha mkewe Mnyoosho, koti amelifunga hadi shingoni kwa sababu ndani alikuwa na fulana tu, anakunywa chai. Mke, aliyeambiwa yote na mhudumu wa kituo, alikuwa amemwambia kwamba shati lake limepelekwa kukaguliwa. Mwalimu aliuliza na nani. Mama mdogo, aliyekuwa anaingia wakati huo, akajibu kwamba na yeye, na kwamba limepita. Mwalimu hakuelewa kitu, ila alilivaa, akajitazama kwenye kioo, na maneno ya kulalamika aliyokuwa ameyapanga hayakutoka.

Ilibaki kumpandisha mama nyumbani, na miguu yake siku hiyo ilikuwa imekwisha. Mnyoosho alikuwa tayari kwenda kuleta kiti wambebe. Lakini mama mdogo alikuwa ameshasimama mbele ya lifti, ambayo hakuwahi kuiona maishani, na alikwisha bonyeza kitufe ili ajue kinafanya nini. Mlango ukafunguka. Akaingia, akageuka, akamtazama dada yake.

"Kumbe ni kabati," alisema.

Mama hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mdogo wake. Aliingia akiwa amefumba macho, akayafumbua mlango ulipofunguka ghorofa ya nne, akasema kumbe ni hivyo tu. Tangu siku hiyo, ukiisikia lifti inapanda na kushuka bila sababu wakati wa mchana, jua ni yeye.

Kwaya waliisikilizia dirishani, viti viwili vimebanana. Kutoka pale juu mwalimu alionekana mdogo, lakini kifua chake cheupe kilionekana vizuri sana, na mama mdogo alimwonyesha kila aliyeingia chumbani.

Baada ya hapo mambo yalijipanga yenyewe. Wazee hao walianza kutembeleana, leo huku, kesho kutwa kule, wakigombana juu ya sukari na juu ya nani alikuwa mzuri zaidi ujanani. Majirani wa mama mdogo walipomwona anapanda treni mara kwa mara, wakaanza kumwomba awafikishie nguo zao kwa dobi. Mwanzo alibeba mfuko mmoja. Baadaye mifuko ilimshinda, na Mnyoosho akaweka rafu sebuleni kwake, kila nguo na kijikaratasi chake, na akaajiri mtu wa kuzichukua asubuhi na kuzirudisha jioni. Mama mdogo ndiye anayezipokea. Ni mkali. Akipewa shati lenye vitu mfukoni humwita mwenye shati arudi, na akirudishiwa nguo yenye kasoro hata kama ni ya uzi mmoja, Mnyoosho husikia habari yake kwa simu kabla hajala chakula cha mchana.

Nacho chakula cha mchana sasa hukila nyumbani. Hufunga duka kwa muda mfupi, hupanda ghorofa ya nne, hula na mkewe kando ya lile dirisha la jikoni, kisha hujinyoosha kwenye kochi na kufumba macho, viatu vikiwa bado miguuni. Treni hupita chini, kengele inalia, mtu anacheka uwanjani. Mkewe humwacha kidogo zaidi ya alivyoombwa, halafu humwamsha kwa kumgusa bega. Anashuka kwa ngazi, anafungua mlango wa vioo, anaichomeka pasi, na anasubiri ipate moto.